Jiwe Usiloliona Kavu

Somo yangu,

Usikunje uso kwanza. Nakujua, ukiona barua ndefu swali lako la kwanza ni nani kafa. Safari hii aliyekufa ni wewe, basi tulia nikusimulie. Jana tumemaliza arobaini yako. Watu walijaa, wali ulitosha, hitima ilisomwa mpaka mwisho, na samaki alikuwepo. Sikumnunua. Nimemtoa baharini kwa mikono yangu hii, na jiwe alilokuwa amejibanza nyuma yake tuliliona kavu kabla ya kulitupia ndoana. Nakwambia mapema kwa sababu sitaki usome na roho juu.

Mtu mwingine angekuita shangazi, maana ndivyo ulivyo, dada wa baba yangu. Lakini mimi nilipewa jina lako, Mwanaidi kwa Mwanaidi, na tangu nijue kusema tumeitana somo. Sasa nikisikia mtu anaita "Mwanaidi" kwenye shughuli nageuka peke yangu. Sijazoea. Bado nasubiri na wewe uitike, tugombane nani kaitwa.

Siku arobaini si nyingi, ila mambo yamekwenda mbio. Koti lako la bluu nalivaa mimi. Linanipwaya mabegani, na mfukoni mna maganda ya karanga ambayo sijayatoa. Kule Saint Louis Park, ulikokuwa ukiwapikia wale wazee wa makao, wameshaajiri mtu mwingine, na nasikia wazee wanalalamika kuwa supu haina ladha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Hapa nyumbani Brooklyn Center chumba chako bado kiko vile vile, isipokuwa dirisha. Mwanao Salma amelifungua. Mto Mississippi nao umejaa, maji ya theluji bado yanashuka, mawe yako yote ya kuvulia yamezama.

Sasa nije kwenye ile ahadi.

Ulikuwa kitandani, wiki ya mwisho, sauti imebaki kidogo lakini ulimi uko pale pale. Wanawake wa Tanga wamekuzunguka, huyu anakukanda miguu, huyu anasoma, na wewe katikati ya yote ukafumbua macho ukasema, "Arobaini yangu asinipikie mtu samaki asiyejulikana katoka wapi. Samaki wa dukani hana kwao." Wakacheka huku wanalia. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema mbele ya watu wote kwamba nitakuvulia mwenyewe, baharini, yule samaki wa milia. Ukanitazama muda mrefu. "Haya, somo. Tutaona."

Hiyo "tutaona" yako iliniudhi, wallahi. Nilikuwa nalia na huku nimekasirika. Umenifundisha kila kitu, halafu unaniambia tutaona?

Tulipokulaza, udongo ulikuwa umeshayeyuka, usiwe na wasiwasi. Baada ya mwezi mmoja tukakaa sebuleni kupanga chakula cha arobaini. Yupo Kamau, nesi jirani yetu wa kutoka Nyeri, yule uliyekuwa ukimwambia kila siku kuwa mtu asiyejua kula samaki hajazaliwa vizuri. Kamau akasema, "Auntie, kwani tilapia ya supermarket iko na shida gani? Si ni samaki tu?" Nikamwambia anyamaze ale chapati. Lakini Salma naye akadakia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba siku mbili barabarani kwa ajili ya samaki ni wazimu, na kwamba mama ameshakufa, hawezi kujua.

Nikamjibu, "Wewe humjui mama yako."

Somo, nilimuumiza mtoto wako. Niliona uso wake. Nilitaka kulirudisha neno lakini lilikuwa limeshatoka, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake. Umemleta hapa ana miaka sita, leo ana ishirini na nne, ana ofisi yake na gari lake, na hakuwahi kwenda nawe mtoni hata siku moja. Alikuwa akikuona unatoka na kanga juu ya koti, ndoo mkononi, leseni ya kuvulia umeibana kwa pini kifuani kama cheti cha shule, anajificha chumbani wenzake wasijue ni mama yake. Wewe ulikuwa ukisema muache, atakua. Amekua, na wewe umeondoka.

Asubuhi yake akanigongea mlango. Akasema, tena kwa Kiingereza, kwamba yeye ataendesha kwa sababu mimi naendesha kama nauogopa usukani. Kamau akatupa gari lake kubwa, na kanda tatu za kwaya za kanisani kwao, akasema tukisinzia tuziweke. Tuliziweka zote.

Njia nzima sikuwa na la kumwambia Salma, kwa hiyo nikamsimulia wewe. Nikamsimulia Tongoni, kijijini kwetu pwani ya Tanga, ulivyokuwa ukitoka na wanawake wenzio maji yakishatoka, kijiti cha pweza mkononi, mnatembea juu ya mwamba maili nzima bila kulowa goti. Nikamwambia wanaume walikuwa na mashua na nyavu, lakini waliokuwa wakiijua bahari chini ilivyo ni ninyi, maana ninyi ndio mliiona ikiwa uchi. Kwamba kaka zako walikuwa wakija kukuuliza kwa siri jiwe gani lina pango na mlango gani una mkondo, kisha wanakwenda kutupa mshipi pale pale maji yakijaa, wakirudi wanajisifu. Ndiyo maana babu akaweka ile sheria ya nyumba yetu: kichwa cha samaki si cha aliyevua, ni cha aliyeliona jiwe. Na ndiyo maana katika nyumba yenye wanaume watano kichwa kilikuwa kikiliwa na wewe.

Nikamsimulia na kioja chako cha Mississippi. Mwezi wako wa kwanza hapa, mwezi mpevu, ukachukua ndoo ukashuka mtoni saa nne kamili asubuhi kwa ile kanuni yenu: mwezi mpevu, saa nne, mguu mkavu. Ukasimama. Saa tano. Saa sita. Maji hayashuki hata kidole. Akapita mzungu mmoja na mbwa, akakuuliza kama unahitaji msaada, nawe ukamjibu kwa Kiswahili, "Mto gani huu, unakwenda tu haurudi!" Nilimsimulia Salma hivyo hivyo, na sauti yako nikaiigiza. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe hukuwahi kumsimulia. Nami nikamwambia mwisho wake, kwamba hukukata tamaa, ulisubiri mpaka mwisho wa kiangazi mto ulipopungua wenyewe, ukatembea ukingoni na fimbo, ukayaandika mawe yote kwenye daftari la jikoni, na mwaka uliofuata tulikula kambare mpaka tukakinai. "Jiwe usiloliona kavu usilitupie ndoana." Salma akalirudia polepole, kama anayeonja.

Jumatatu jioni tukafika Massachusetts, kwenye ile pwani aliyokutajia yule mzee wa chumba cha mwisho pale makaoni. Unamkumbuka alivyokuwa hali mpaka umpelekee chakula mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuonyesha picha ya yule samaki, fedha mwili mzima na milia myeusi saba kama imechorwa kwa wanja, akakusimulia kuwa ujanani alikuwa akitembea pwani maji yakitoka, anayakagua mawe, kisha anarudi maji yakiwa nusu. Ulikuja nyumbani siku hiyo umewaka. "Somo! Kuna Mmarekani mtu wa Tongoni!" Tangu hapo ilikuwa kila mwaka mwakani, mwakani. Mwakani tutakwenda.

Kulipokucha Jumanne mwezi ulikuwa mpevu. Nimepanga hivyo makusudi. Nilijua bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita siku zote, ndiyo siku ya kuiona bahari uchi, na kanuni yako ninayo kichwani. Nikamwambia Salma tunywe chai taratibu, hakuna haraka, saa nne mguu mkavu. Nilikuwa najisikia, Somo. Nilivaa koti lako, nikachukua kijiti, nikatembea mbele kama bibi harusi.

Tukafika. Bahari imejaa.

Siyo imejaa kidogo. Maji yameshafika kwenye changarawe, na bado yanapanda. Hakuna jiwe, hakuna mwamba, maji matupu. Nikasimama na kijiti changu cha pweza. Nikatazama saa, nikatazama bahari. Nikafikiri labda nimekosea mwezi, nikahesabu kwa vidole, mwezi ndio wenyewe. Salma aliniacha nisimame hivyo kama robo saa, kisha akasema, na safari hii akakisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuvunjika, "Dada, bahari gani hii, inajaa tu haishuki?"

Mwanao ana ulimi wako. Nilikasirika kwa muda wa kuhesabu tatu, halafu nikakaa chini kwenye changarawe nikacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Miaka yote hii nimekucheka wewe na mto wako. Nimeendesha siku mbili, au niseme nimeendeshwa, nije nifanye kosa lako lile lile mbele ya bahari ya watu. Nilikuwa nimeahidi mbele ya wanawake wa Tanga wote. Nilijua nikirudi mikono mitupu watanipa pole kwa mdomo, na macho yao yatasema "tutaona". Na hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni kwamba hutakuwepo mara ya pili nikuombe radhi.

Lakini mimi ni Mwanaidi bwana, sikuja huko kulia. Nikajiambia, mwezi ni ule ule, maji ni yale yale, saa ndiyo nyingine. Kila pwani ina saa yake. Nikachomeka kijiti penye ukingo wa maji, tukala mikate yetu, tukatazama. Maji yakapanda yakakipita. Nikakihamisha. Yakapanda tena. Ilipofika saa saba kasoro hivi yakasimama, yakatulia kama yanafikiri, kisha kijiti kikaanza kukauka. Nikaruka. Nikamwambia Salma, kuanzia hapa hesabu saa sita, saa moja kasoro jioni tutaona kila kitu, na siku za huku Juni jua bado litakuwa juu. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mama yako ndivyo anavyojua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile bahari ilitoka, Somo, ikatoka mpaka nikaogopa. Ungeiona! Mwamba wao si kama wetu. Ni majabali meusi, yana mwani unaoteleza na kome waliojipanga ukingoni. Maji baridi kama ya theluji. Nikavua viatu kwa ujeuri, nikavivaa tena. Nikaanza kazi kama ulivyonifundisha: tazama mwani umelala upande gani, ndiko mkondo unakokwenda. Tazama mchanga umechimbika wapi, ndipo maji yanapopita kwa nguvu. Tazama kaa wadogo wako wapi, maana penye chakula pana mlaji. Nikapata majabali mawili na mlango katikati yake, nikaona hapa hapa. Nikaanza kutafuta alama za nchi kavu, ili kesho maji yakishafunika nijue nilipo.

Salma alikuwa ametangulia. Nikamsikia anaita. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe dogo ambalo mimi nimelipita bila kulitazama, jiwe la kawaida kabisa, halijafika hata kiuno. Lakini nyuma yake palikuwa na shimo refu, maji yamebaki ndani, na mchanga wake umefagiliwa safi. Mwani wote ulielekea pale. Akasema kwa Kiingereza kwamba kama yeye angekuwa samaki, asingekaa kwenye ule mlango mkubwa kupigwa na maji, angekaa hapa, apumzike, chakula kimfuate chenyewe.

Nilitaka kubisha. Unanijua. Mdomo nikaufungua kabisa. Halafu nikaangalia lile shimo tena nikaona mtoto ana haki, na mimi nilikuwa nimepumbazwa na ukubwa wa majabali. Tukaunga alama mbili: bomba la moshi la nyumba nyeupe liwe nyuma ya mti uliopinda. Na hatua arobaini na tatu kutoka ukingo wa changarawe. Salma akazihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili. Alikwama thelathini na tisa nikamsaidia.

Jumatano asubuhi maji yalikuwa chini saa moja na kitu, yakaanza kurudi, na ilipofika saa nne yalikuwa nusu. Saa nne! Nilijua unacheka. Tukasimama kwenye alama, bomba nyuma ya mti, nikatia kipande cha ngisi, nikatupa. Nikapata mmoja upesi, mzuri, milia imekaa sawa, lakini Salma akampima kwa utepe akakuta hajafika urefu unaotakiwa na sheria. Nilimtazama Salma. Salma akanitazama. Hakuna mtu mwingine pwani nzima. Nikasikia sauti yako: "Mtoto wa samaki akirudishwa anakwenda kumwita mama yake." Nikamrudisha, huku nanung'unika.

Saa nzima ikapita. Maji yakapanda, mkondo ukaanza kulegea, nami nikaanza kuhesabu kilichobaki. Nilitaka kwenda kwenye ule mlango wangu mkubwa. Salma akakataa. "Hapa," akasema. Neno moja tu. Nikatupa tena, chubwi, ile risasi ya mshipi, ikagusa chini, ikavingirika, ikatumbukia. Nikaisikia inatumbukia shimoni, Somo, mkononi, jinsi ulivyokuwa ukinieleza na mimi nikijidai nimeelewa. Ndipo mshipi ukaondoka.

Sitakusimulia vita vyote, utasema natia chumvi. Alinivuta mpaka maji yakanifika magotini. Salma alinishika koti lako kwa nyuma, na mfuko ukachanika, maganda yako ya karanga yakamwagika baharini. Tulimtoa. Alikuwa mrefu kama mguu wangu, na utepe wa Salma ukamkubali. Tukakaa naye juu ya changarawe, wote wawili tumelowa, tukamhesabu milia. Saba. Salma akasema, "Mama angempenda," kisha akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Nikamkumbatia na harufu ya ngisi na yote. Nikamwomba radhi kwa lile neno langu la sebuleni.

Tulimleta nyumbani amelala kwenye barafu, ndiyo, najua utasema yule naye kawa samaki wa barafu. Huyu ana kwao. Naweza kukuonyesha mlango wa nyumba yake.

Jana nilimpika mchuzi wa nazi na vipande vingine nikavichoma nikavipaka tui, na kwa kuwa watu walikuwa wengi kila mmoja alipata kidogo, na kila mmoja alijua kimetoka jiwe gani, maana nilihakikisha. Kamau alikula. Akaomba tena. Akasema, "Aki Auntie, hii si samaki ile mimi najua." Nikamwambia sasa ndiyo umezaliwa.

Kichwa kililetwa kwenye sahani yake. Wanawake wakakiweka mbele yangu, wakapiga na vigelegele kidogo, maana mimi ndiye niliyevua na mimi ndiye somo yako. Nilikuwa na njaa nacho, sikufichi. Tangu nizaliwe nimekiona kikienda kwako, na nilijua siku moja kitakuja kwangu. Nikakitazama. Kisha nikaisukuma ile sahani mpaka kwa Salma, nikasema kwa sauti, wasikie wote, "Jiwe aliliona huyu."

Nilidhani atasema hawezi, macho yanamtazama, kama alivyokuwa akisema utotoni. Akaosha mkono. Akakunja kidole kama unavyokunja wewe, akatoa jicho la kwanza akala, akatoa la pili akala, ndipo akaenda kwenye shavu. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akikutazama miaka yote ile, Somo, kumbe alikuwa akikutazama.

Basi lala salama. Kwenye daftari lako la jikoni, chini ya mawe ya Mississippi, nimeandika saa za pwani ile na hatua arobaini na tatu, na Salma ameandika jina la jiwe kwa mwandiko wake. Ameliita Mwanaidi, hakusema ni yupi kati yetu, nami sikuuliza. Kila mwaka bamvua ya Juni tutakwenda kulitazama likiwa kavu, nakuahidi, na kichwa kitakuwa cha atakayeona jiwe jipya. Mwakani nitakuwa mimi.

Utaona.

Somo yako,
Mwanaidi